Nilivyozishangilia Alama za Mjukuu Wangu

Jumapili ile nilivaa suti ya kijivu, ambayo kwa kawaida naitoa kabatini kwa ajili ya harusi na misiba tu. Ibada yetu ya Kiswahili huanza saa nane mchana, katika jengo la kanisa la watu wengine ambao huwa wameshamaliza ibada yao na kwenda zao. Baada ya matangazo, mchungaji huuliza kama kuna mwenye shukrani. Wapo wanaoshukuru kwa kupata karatasi za ukaazi, wapo wanaoshukuru kwa mtoto aliyezaliwa, na wapo wazee wenzangu wanaoshukuru kwa kuvuka majira ya baridi bila kuteleza kwenye barafu. Siku hiyo nilisimama kabla mchungaji hajamaliza kuuliza.

Niliwaambia kwamba mjukuu wangu anasomea kemia chuo kikuu, na kwamba akimaliza ataomba kuingia kitivo cha sheria. Mwaka wa kwanza, nikasema, alipata wastani wa tatu, na mimi babu yake sikulala vizuri. Lakini alijitahidi, na mwaka wa pili ameshuka hadi mbili nukta tatu. Nikamalizia kwa kusema kwamba mwakani, Mungu akipenda, tunategemea moja.

Watu walipiga makofi. Wazee walipiga kwa nguvu. Vijana wanaosoma vyuo walipiga kwa ncha za vidole, na wawili wao wakaangalia viatu vyao. Mjukuu wangu alikuwa ameketi kando yangu na kichwa chini. Nikadhani ni unyenyekevu, nikazidi kujivuna.

Nieleze nilivyokuwa nikihesabu, maana bila hivyo mtu atadhani nilikuwa nimechanganyikiwa. Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, Tanzania. Katika mtihani wetu, pointi zilijumlishwa, na mwenye pointi chache ndiye aliyepata daraja la kwanza. Mwenye pointi nyingi alirudi nyumbani kimya kimya. Matokeo yalibandikwa ukutani, nasi tulipitisha vidole tukitafuta namba ndogo. Kwa zaidi ya miaka hamsini nimebeba kichwani kwamba katika masomo, kushuka ndiko kupanda. Hapa Toronto hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mimi sikuuliza. Mtu akiwa mzee, watu huona haya kumfundisha hesabu.

Kosa hilo lilikuwa dogo ukililinganisha na lile la kwanza. Kemia ilikuwa yangu, si yake.

Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa karani katika mahakama ya wilaya, mkoani Dodoma. Niliita kesi, nikapanga majalada, nikaandika tarehe za kuahirisha. Niliwatazama mawakili waliokuja kutoka mjini na mikoba yao, wakisimama na kunyamazisha chumba kizima kwa sentensi mbili. Nilitamani sana, lakini kwa cheti changu mlango huo ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeanguka kemia na fizikia, na shuleni kwetu walioanguka masomo hayo waliitwa watu wa hadithi. Nilipokuja huku kuishi na binti yangu baada ya mke wangu kufariki, nilimkuta mjukuu wangu ana miaka kumi na minne, mbishi, anayeweza kumgeuzia maneno hata mwenye nyumba. Nikajiambia, huyu hapa.

Binti yangu ni muuguzi, na zamu zake hazimpi nafasi ya kukaa. Aliniomba nimsimamie mtoto katika mambo ya shule, kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kufanya kazi na wanasheria. Basi ulipofika wakati wa kuchagua somo la chuo, mtoto akasema anataka historia, mimi nikasema kemia. Hapa Kanada mtu haingii sheria moja kwa moja kutoka sekondari kama kwetu. Karibu wote hupitia kwanza shahada nyingine. Nikafikiri kwamba wakuu wa vitivo vya sheria watalitazama hilo somo la kwanza na kusema: kama aliweza kemia, ana akili, apite. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Nililitoa tu kichwani, na nilipolitamka lilisikika kama jambo ninalolijua.

Sasa nirudi kanisani. Baada ya ibada huwa tunakunywa chai kwenye ukumbi wa chini. Alinifuata mama mmoja Mkenya, wakili mwenye ofisi yake mji jirani wa Markham, mtu mcheshi ambaye hupenda kutia tangawizi nyingi kwenye chai ya wengine bila kuwauliza. Akanivuta pembeni, karibu na makoti.

"Mzee wangu," akasema, "nikuulize kitu kidogo, na usinikasirikie. Hiyo mbili nukta tatu, uliambiwa ni nzuri na nani?"

Nikamweleza habari za pointi. Hakucheka. Alinishika mkono, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Akaniambia kwamba hapa kilele ni nne, na kwamba mtoto hakupanda, ameporomoka. Halafu akanieleza mengine, polepole, kama anayemfungua mtu bendeji. Vitivo vya sheria havina somo vinavyolipendelea. Havitoi zawadi kwa aliyechagua somo gumu akafanya vibaya. Vinatazama alama, na vinatazama mtihani wa kuingilia sheria, ambao hauna kemia wala historia ndani yake, ni wa kusoma na kufikiri. Kisha vinasoma maelezo ya mwombaji kuhusu maisha yake. Mengine ni tofauti za chuo na chuo: kimoja hupima miaka yote, kingine huipa uzito miaka ya mwisho, kingine huweka kando alama chache zilizo mbaya kuliko zote.

Nikamuuliza yeye alisomea nini kabla ya sheria. Akasema muziki.

"Muziki wa kuimba?"

"Wa piano, mzee. Na kila wiki niko kortini, na hakuna jaji ameniuliza habari ya piano."

Niliomba kiti. Kwenye basi la kurudi nyumbani Weston nilihesabu vituo. Mjukuu wangu aliweka vitu vyake vya kusikilizia muziki masikioni, akatazama dirishani.

Jumapili jioni huwa tunafua. Mashine za kufulia za jengo letu ziko chini kabisa, kwenye chumba chenye benchi moja na harufu ya sabuni. Tuliketi pale tukitazama nguo zikizunguka, na ndipo nikamwambia kwamba nimeshajua. Mtoto huyu hunielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyozoea. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, akitafuta maneno.

"Mwaka wa kwanza uliniambia tatu ni nyingi, nipunguze," akasema. "Nilidhani unanikejeli. Nikalia. Halafu nikaelewa unavyohesabu."

"Na ukaniacha niendelee?"

"Babu, wewe ndiye mtu pekee aliyefurahi. Nilikuwa natamani iwe kweli."

Nimewahi kusikia watu wengi wakikiri makosa mbele ya hakimu, na najua jinsi mtu anavyozungukazunguka kabla ya kufika. Mimi nilijitahidi nisizunguke. Nikamwambia nimemkosea: nilimtuma kwenye kemia akanilipizie kisasi cha mtihani nilioanguka kabla mama yake hajazaliwa, na akiwa anazama, mimi nilisimama ufukoni nikimpigia makofi. Nikamuuliza kama angeachiwa achague, angesoma nini.

"Ulishaniuliza nikiwa na miaka kumi na saba. Nilisema historia."

"Na mimi nikasema nini?"

"Ulisema historia nitaisoma nikistaafu."

Mashine ikaanza ule mtikisiko wake wa mwisho, tukashindwa kusikilizana, na nadhani wote wawili tulishukuru.

Binti yangu aliporudi kutoka kazini na kusikia yote, pamoja na habari kwamba kubadilisha somo kungemwongezea mtoto mwaka mzima, alivua viatu vya kazi akavipanga mlangoni, taratibu. Akasema, "Baba, nilikuomba umsimamie. Sikukuomba umkalie." Kisha akaenda kuoga. Hilo sijalisahau, na sidhani kama nastahili kulisahau.

Lakini kuanzia hapo ndipo nyumba yetu ilipochangamka. Mtoto alihamia historia mwezi wa Septemba, na kufika Oktoba nilikuwa na mtu mwingine mezani. Alianza kuzungumza wakati wa kula. Alirudi kutoka maktaba na mikoba iliyojaa, akanisimulia ugomvi wa mipaka, wa wafalme, wa watu waliokufa zamani, kama vile ni majirani wa ghorofa ya tano. Mwalimu mmoja aliwapa kazi ya kuandika kuhusu mahakama ndogo za nchi zilizotawaliwa na wakoloni na kilichobaki humo baada ya uhuru. Mjukuu wangu akaweka simu mezani inirekodi, akanihoji siku tatu mfululizo. Tulikaaje? Nani alitafsiri mtu asipojua Kiswahili? Mwanamke aliyedai shamba alisimama wapi? Niliongea hadi sauti ikakauka. Insha iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwamba angependa kusikia zaidi kutoka kwa huyo karani. Mtoto aliniletea karatasi niisome mwenyewe. Niliisoma nimesimama.

Mwisho wa mwaka ule wastani ukawa tatu nukta nane. Aliponionyesha, nilisita kidogo, kichwa kikatafuta upande upi ndio juu, halafu nikalipuka. Mwaka uliofuata, tatu nukta tisa. Akaanza kunitania. Nikipima presha, husimama nyuma yangu na kuuliza, "Mia na hamsini, Babu. Kwa hesabu zenu hiyo ni daraja la ngapi?"

Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, na sote watatu tulikijua: je, ile miaka miwili ya kemia ingemfungia mlango? Haifutiki. Kila chuo unachoomba kinaona kila alama uliyowahi kupata. Mkenya wetu wa Markham alituambia kwamba mtihani wa kuingilia ukiwa mzuri sana, unaweza kuwafanya watu wa sheria waitazame miaka ya mwisho kwa jicho la huruma. Basi mtoto akasoma kwa ajili ya mtihani kiangazi kizima, kila asubuhi, na saa ya jikoni mbele yake.

Mtihani wenyewe aliufanyia chumbani kwake, kwa kompyuta, huku msimamizi asiyemjua akimtazama kwa kamera. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuingia, na hakuna sauti iliyotakiwa. Sasa, jengo letu ni la zamani, na king'ora chake cha moto huamka mtu akiunguza hata mkate. Siku mbili kabla ya mtihani nilibisha hodi kwenye kila mlango wa ghorofa yetu. Nilijieleza kwa Kiingereza changu: mjukuu, sheria, mtihani, tafadhali msikaange kitu Alhamisi kuanzia saa tatu hadi saa saba. Mama mmoja wa Kijamaika alisema mumewe atakula nafaka na maziwa baridi na atashukuru. Kijana Mfilipino akaniuliza kama wali kwenye sufuria ya umeme unaruhusiwa, tukajadili, nikaruhusu. Alhamisi yenyewe niliketi kwenye korido na kiti changu, nikinusa hewa. Jengo zima lilinyamaza. Saa saba na dakika chache akafungua mlango, nywele zimesimama, akasema ana njaa.

Matokeo ya mtihani yalikuwa mazuri, tena mazuri sana. Nilitaka kupiga simu Dodoma. Akanizuia. Kwanza maombi.

Hapo tukagombana kwa mara ya mwisho. Fomu ilikuwa na nafasi ya kueleza kama kuna miaka ambayo alama zako hazionyeshi uwezo wako. Aliandika kwamba alichagua somo lisilomfaa, akajifunza kutokana na hilo, akabadilisha. Alinipa nisome. Nikamrudishia, nikasema ni uongo.

"Andika kwamba ni mimi," nikasema. "Andika kwamba babu yako alikulazimisha, na ulipoanguka akakushangilia. Nipo tayari. Nitatia sahihi."

"Babu, hawatafuti wa kumfunga. Wanatafuta mwanafunzi."

"Ukweli ni ukweli."

"Ukweli ni kwamba mkono ulioweka alama kwenye fomu ya kemia ulikuwa wangu. Nilikuogopa, sawa. Lakini nataka kuwa wakili. Nitaanzaje kwa kusema kwamba sikuwa na la kusema?"

Nimewahi kuwaona mawakili wakishindwa hoja na kukaa chini kwa heshima. Nikakaa. Nilitambua pia kitu ambacho hakikunifurahisha: kwamba hata kwenye kukiri kwangu nilitaka kushika kalamu yake. Aliongeza sentensi moja tu, kwamba alitoka katika familia iliyoipenda sheria kabla ya kujua njia ya kuifikia. Hiyo niliiacha.

Majibu yakaanza kuja wakati theluji imejaa. Chuo alichokitamani kuliko vyote kiko hapa hapa mjini, safari fupi ya treni kutoka Weston. Hicho hupima miaka yote ya masomo. Kilimkataa kwa aya mbili za adabu. Alisoma barua ile jikoni, amesimama, kisha akaendelea kukata vitunguu. Sikumwambia pole mara moja, maana niliona ningekuwa mwizi anayempa pole aliyeibiwa. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Cha pili nacho kikakataa. Cha tatu kikamweka kwenye orodha ya kusubiri, na kusubiri kule kulitugeuza sote kuwa watu wa ajabu: binti yangu alikuwa akipiga simu kutoka wodini kuuliza kama kuna barua, mimi nilikuwa nikiuliza kila simu ilipolia, na mtoto mwenyewe alikataa kuulizwa.

Mwezi wa Aprili, mchana, jua limetoka na maji ya mto Humber yamejaa kwa theluji iliyoyeyuka, alikuwa akijisomea mezani na mimi nikichambua mchicha. Kompyuta ikatoa mlio wake mdogo. Akasoma. Akasoma tena. Akaigeuza kompyuta kunielekea, na mimi miwani yangu ilikuwa chumbani.

"Nisomee," nikasema.

Kilikuwa chuo cha nne, cha mji mwingine, mwendo wa saa kadhaa kwa treni. Chuo hiki huipa uzito miaka ya mwisho. Walifurahi kumpa nafasi katika kitivo cha sheria, Septemba, kwa sharti kwamba alama zake za muhula huu zisianguke. Alisoma kwa Kiingereza, sauti yake ikipanda kila mstari, na alipofika mwisho akaanza upya bila mimi kumwomba. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mchicha ulikuwa sakafuni. Nikampigia mama yake wodini, nikaongea kwa kasi hadi akaniambia, "Baba, pumua kwanza. Ni kipi?" Nilipokitaja, nilisikia mashine za hospitali zikilia nyuma yake. Akasema nimpe mtoto simu. Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake, na mimi nikaokota mchicha.

Baadaye nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba miezi yote hiyo: kama si kemia, kile cha hapa mjini kingemchukua?

"Labda," akasema. Hakunipunguzia wala hakuniongezea. "Labda ningekuwa nalala hapa hapa, nikikusikia ukikoroma. Lakini, Babu, hiki kimenikubali na miaka yangu yote, hata ile mibaya."

Barua ilisema lazima ajibu mwenyewe kwenye intaneti kwamba anaikubali nafasi. Alisubiri mama yake arudi. Alasiri ya siku iliyofuata, wote watatu tukiwa mezani, akafungua ukurasa wenyewe. Kulikuwa na kitufe kimoja cha kukubali na kingine cha kukataa. Akanisogezea kompyuta.

"Bonyeza wewe, Babu. Wewe ndiye uliyeanza habari za sheria."

Kidole changu kilikuwa tayari, nasema kweli. Kilikuwa kimeshafika hewani. Nikairudisha mikono yangu yote miwili mgongoni, nikaishikanisha huko.

"Chagua mwenyewe," nikamwambia.

Kisha akavuta kompyuta, akabonyeza kukubali. Ukurasa ukabadilika, ukamuuliza kama ana uhakika. Mama yake akacheka, na yeye akabonyeza tena.